Mti Ukilia

Kila Jumatatu, kwa miaka ishirini na sita, Bi Cherehani alikuwa akipitisha kitambaa chenye maji kwenye kioo cha picha ya kikosi. Jumatatu hiyo kitambaa kilikwama. Picha ilikuwa palepale juu ya meza ya kushonea, fremu yake ileile ya mbao, wanaume kumi na wawili walewale wamejipanga mbele ya mdomo wa mgodi, vumbi la makaa ya mawe limewapaka mpaka meno tu ndiyo yanayoonekana. Kioo ndicho kilichokosekana. Maji yalikuwa yameshaanza kulowanisha miguu ya mumewe, wa tatu kutoka kushoto, akayakausha haraka kwa upindo wa gauni.

Hakuuliza mtu. Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, alikolala binti yao na mtoto wake wa miezi minane. Humo mlikuwa na ufa. Ulianzia kona ya dirisha ukateremka mpaka sakafuni kama mshipa kwenye mguu wa mzee, na mahali pengine kidole kiliingia bila kubanwa. Juu ya ufa palibandikwa kipande cha kioo, urefu wake kama rula, ncha zote mbili zimeshikwa kwa plasta, na tarehe imeandikwa kwa rangi nyekundu. Juzi tu kipande hicho kilikuwa na ukungu na alama za nzi. Sasa kiling'aa kama sahani ya mgeni.

"Haya," alisema peke yake. "Kumbe ndiko ulikohamia."

Vioo vya namna hiyo vilikuwa katika nyumba nyingi za mji ule. Kampuni ilipofunga mgodi iling'oa winchi, ikang'oa reli, ikang'oa pampu. Mashimo ikayaacha, maana shimo halibebeki. Pampu zilipozimwa maji yalijaa chini, na ardhi ikaanza kukaa kitako, leo mtaa huu, kesho ule. Ndipo ofisi ya nyumba ikamleta karani wa kubandika vioo juu ya nyufa. Kioo kikivunjika chenyewe, ukuta unatembea, na mwenye nyumba anaandikwa kwenye orodha ya kuhamia Mtaa Mpya, ng'ambo ya mto, kwenye ardhi isiyochimbwa. Kioo kikiguswa na mkono wa mtu, jina halionekani tena. Mmoja alijaribu kwa nyundo akafutwa. Mwingine alimsingizia mbuzi; naye akafutwa, na watu wakasema afadhali mbuzi, hakuwahi kuandikwa.

Mtaa mzima uliomba vioo vivunjike. Nyumba moja tu ndiyo iliyokuwa ikiomba kisivunjike, na humo ndani aliyeomba alikuwa mmoja.

Huyo ni mume wa Bi Cherehani, aliyeitwa Sikio. Jina hilo alipewa shimoni. Alikuwa fundi wa nguzo, kazi yake kusimamisha magogo yanayobeba dari la mgodi na kuyakaza juu kwa kabari. Gogo likizidiwa halivunjiki ghafla, hulia kwanza. Kwa sababu hiyo wakubwa wa Kampuni walipoleta nguzo za chuma wachimbaji walizikataa. Chuma hakisemi, walisema, kinakuua kimya kimya. Siku moja sepetu zikigonga, mikokoteni ikipiga kelele, watu wakibishana habari ya mpira, yeye peke yake alisikia mti ukilia. Hakupiga yowe. Kanuni ya shimoni ni kwamba mti ukilia huulizi na huelezi. Unashika mkanda wa jirani yako, naye anashika wa kwake, mnatoka. Alitoka na watu kumi na mmoja wameshikana mikanda kama watoto wanaocheza gari moshi, na nyuma yao dari likakaa chini. Wiki iliyofuata ndipo picha ile ilipopigwa.

Sasa, katika chumba cha nyuma, Sikio alikuwa amesimamisha magogo manne ya mgodini, kila moja na kabari yake. Kwa kila aliyemshauri ahame alijibu neno lilelile: "Nitahama mti utakaponiambia."

Na mti ulikuwa umemwambia tangu mvua zianze.

Hata asubuhi hiyo ulisema. Sikio alikuwa kwenye kigoda chake anapuliza chai, mkewe nyuma yake na kitambaa mkononi, na kutoka chumba cha nyuma ikaja sauti nyembamba, ndefu, kama mlango mkubwa unaofunguliwa na mtu asiyetaka kujulikana. Bi Cherehani alisimama. Binti alitokeza kichwa akamtazama mama yake. Mzee aliendelea kupuliza chai.

Bi Cherehani alizunguka akasimama mbele yake, mahali ambapo angeweza kuuona mdomo wake.

"Mzee wangu, mti umelia."

"Lini?"

"Sasa hivi, hapo ulipokaa."

Sikio alicheka, akakiweka chini kikombe polepole. "Mama watoto, wewe sikio lako ni la cherehani. Huo ni mlango. Ungelia mti, ningekaa hapa nakunywa chai?"

Bi Cherehani alitazama mikono ya mumewe. Kwenye ukucha wa kidole gumba palikuwa na doa jekundu.

"Mama," binti aliita kutoka ndani, "umeiona rangi yangu ya kucha? Ilikuwa dirishani."

"Itaonekana," alisema Bi Cherehani.

Kipande kilichovunjika alikipata kwenye ndoo ya majivu. Kilikuwa vipande viwili, vimekatika katikati, na rangi ya karani bado ipo. Alivipangusa, akavifunga kwenye kitambaa kilichobaki kwenye sare za shule alizokuwa akishona, kisha akakaa kwenye cherehani bila kukanyaga.

"Kwa nini usimwambie tu?" alisema binti. Alikuwa anamnyonyesha mtoto mlangoni.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba hasikii. Baruti ya miaka yote ile. Si aibu, mama."

"Haya, nenda kamwambie wewe."

Binti alimpa mtoto titi la pili.

"Umeona?" alisema mama yake. "Mimi nimelala naye kitanda kimoja. Sokoni watu wanamsalimu kwa mkono juu ili aone. Mzee Winchi wa hapo jirani akicheza naye bao anagonga meza ikifika zamu yake. Mtaa mzima unajua. Nani amfungulie mdomo? Watu kumi na mmoja walikuja kula harusi yako wakiwa hai kwa ajili ya sikio lile."

"Na huyu je?" Binti alimwinua mtoto kidogo. "Huyu analala chini ya magogo yale. Juzi nilimhamishia sebuleni, baba akamrudisha mwenyewe. Akasema kule ndiko salama zaidi, maana kuna nguzo."

Bi Cherehani alivaa viatu vyake vya kutokea.

Ofisi ya nyumba ilikuwa katika ukumbi wa mishahara wa zamani. Dirisha lenye nondo lilikuwa palepale, ukingo wake umelika kwa viwiko vya wachimbaji waliopanga foleni hapo kila mwisho wa mwezi. Nyuma ya nondo alikaa karani, kijana wa viatu vilivyopakwa rangi, ambaye watu walimwita Karani wa Nyufa. Bi Cherehani alisimama foleni saa nzima. Zamu yake ilipofika alikifungua kitambaa.

"Nyumba ni ya nani?"

"Ya mume wangu. Sikio, fundi wa nguzo."

"Kwenye daftari hakuna mtu anaitwa Sikio."

Alimtajia jina la daftari. Karani alipitisha kidole, akalipata.

"Amekutuma?"

Alivisukuma vipande karibu na nondo.

"Nakuuliza, mama. Mwenye nyumba amekutuma?"

"Mwenye nyumba yuko nyumbani. Kioo kimevunjika, na magogo yanalia."

"Magogo yanalia." Karani aliwatazama walio nyuma ya Bi Cherehani. "Na hiki kioo kimevunjwa na nani?"

"Na ukuta."

"Ukuta una mikono? Mimi nilikibandika ukutani, wewe umeniletea kwenye tambara. Nitajuaje hukukipiga kwa mchi?"

Foleni ilicheka. Kicheko kimoja alikitambua bila kugeuka. Kilikuwa cha mwanamke ambaye sare za watoto wake wawili zilikuwa zinasubiri vifungo tu.

"Mwanangu," alisema Bi Cherehani, "mimi nina mjukuu wa miezi minane chini ya ukuta huo. Usinichekeshee watu."

Karani alivichukua vile vipande na kitambaa chake, akainama akaandika kitu. Aliposema tena hakucheka. "Kesho saa nne nitakuja. Lakini nakwambia mapema usije ukalia: nikikuta mkono wa mtu kwenye kioo changu, nafuta. Hata kama ukuta utaangukia mezani pangu, nitakuwa nimeshafuta. Mimi pia nina mkubwa wangu."

Alirudi nyumbani kwa njia ndefu, ile inayopita kando ya lundo la mabaki ya makaa, ambako wanawake wenzake walikuwa wameinama wakiokota vipande vya kupikia. Njiani ndipo alipokumbuka rangi ya kucha kwenye kile kioo kipya. Alisimama katikati ya matope. Alikuwa amekwenda kuiokoa nyumba yake, na kwa mkono wake mwenyewe ndiye aliyeipeleka mahakamani.

Karani alifika saa nne na robo, mwavuli mkononi. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, lakini haikumzuia mtu. Ilikuwa kawaida: kioo kikikaguliwa, mtaa hukagua pamoja na karani. Mzee Winchi, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akiendesha winchi ya kuwashusha na kuwapandisha watu shimoni, aliingia wa kwanza bila kubisha.

"Shemeji, habari ya asubuhi."

"Nzuri, shemeji. Pita," alisema Bi Cherehani.

Sikio aliwapokea mlangoni kama mwenye sherehe. Hakujua wamekuja kwa sababu gani. Alidhani ni ukaguzi wa kawaida, na kioo chake kilikuwa tayari. Alivaa shati safi na mkanda wake wa kazini, mpana, wenye pete ya kutundikia taa.

"Karibu, karani, karibu. Hapa hutapata kazi leo. Kioo kizima, nyumba nzima."

Katika chumba cha nyuma karani aliinamia kioo. Alisoma tarehe, akakaribia zaidi, akanusa. Kisha alikwaruza kwa ukucha, na nambari moja ikatoka nzima kama gamba.

"Mzee," alisema, "hii ni rangi ya kucha."

Watu wa mlangoni waliangua kicheko. Binti, mtoto mgongoni, alitazama chini. Karani alitoa kitambaa mfukoni akaviweka vipande viwili kwenye kiganja. Sikio alivitazama vipande, akalitazama tambara la sare, akamtazama mkewe.

"Umenipeleka ofisini?"

"Nimempeleka mjukuu wako."

"Mzee, nitazame mimi," alisema karani. "Umevunja kioo ili upate nyumba, ukaogopa, ukabandika kingine. Ndivyo?"

"Mimi?" Sikio aligeuka rangi. "Mimi nitake nyumba yako? Vijumba vile vya ng'ambo, ukipiga chafya jirani anakuambia pole? Nilibadilisha, ndiyo! Kimevunjika, nimebadilisha. Kwa sababu kioo ni kitu cha kijinga. Kioo kinavunjika hata kwa baridi. Mimi naangalia mti. Mti haujalia!"

Mzee Winchi alikuwa anakagua kofia yake kama aliyeinunua leo.

"Kila mtu ana hadithi," alisema karani, akafungua daftari na kalamu. "Kuguswa ni kuguswa. Nafuta."

"Subiri, baba," alisema Bi Cherehani. "Tafadhali subiri kidogo."

"Futa!" alisema Sikio. "Futa, lakini usiondoke hapa unanitangaza mwongo. Nitakuonyesha." Aliichukua nyundo iliyokuwa pembeni ya dirisha. "Unaona gogo hili la kati? Nililiweka ili mama watoto apate usingizi tu. Halibebi kitu. Ukuta umesimama wenyewe."

"Sikio, acha," alisema Mzee Winchi.

Lakini Sikio alikuwa ameshampa mgongo. Aliigonga kabari mara moja. Mara ya pili ikaruka, ikaanguka kwenye godoro la mtoto. Gogo likalegea. Vumbi kidogo likashuka, kama unga unaochungwa, na ukuta ukabaki umesimama.

Sikio aliwageukia. Uso wake ulikuwa wa yule kijana wa tatu kutoka kushoto.

"Mmeona?" alisema. "Mmeona? Miaka thelathini mimi..."

Magogo matatu yaliyobaki yakalia.

Hayakulia kama jana. Yalianza chini, kwenye sakafu, yakapanda kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, yakipokezana. Waliowahi kuishi na wachimbaji waliijua sauti ile hata kama hawajawahi kuisikia. Mlango ulibaki mtupu kwa kufumba na kufumbua. Mzee Winchi alimsukuma binti na mtoto mbele, akamshika karani mkanda na kumburuta. Karani, ambaye hakuwahi kushuka shimoni, alidhani anapigwa.

"Niache! Nitakushtaki! Nini hiyo? Nini hiyo?"

"Toka!"

Sikio aliona watu wakiondoka. Alidhani wamechoshwa naye. Aliinua nyundo, akaielekeza ukutani, akaendelea kuwaeleza migongo yao habari ya mizigo na nguzo, sauti yake ikiwa juu kuliko kawaida, kama walivyo watu wasiojisikia. Nyuma ya bega lake ufa ulikuwa unafunguka.

Bi Cherehani alikuwa ameshafika sebuleni. Alifungua mdomo amwite, akaufunga. Miaka yote ile alikuwa amemwita mara ngapi kwa nyuma? Alirudi ndani, akapita chini ya vumbi, akatia vidole vyake vinne ndani ya mkanda wa mumewe, pale penye pete ya taa, akavuta.

Sikio hakuuliza, wala hakueleza. Miguu yake iligeuka kabla ya kichwa. Nyundo ilimtoka mkononi, akamfuata mkewe kwa hatua fupi za haraka, mgongo umeinama kana kwamba juu yake kuna dari la mwamba, akapita sebule, akapita kizingiti, mpaka kwenye mvua.

Ukuta wa nyuma ulikaa chini. Haukuanguka kwa kishindo kikubwa. Ulikaa, na nusu ya paa ikaufuata. Vumbi lilipotulizwa na mvua, waliokuwa uani kwa Mzee Winchi waliweza kuona ndani mpaka sebuleni: cherehani imesimama salama, mkono mmoja wa sare ukining'inia chini ya sindano, na ile picha isiyo na kioo. Chumbani godoro la mtoto halikuonekana kabisa.

Binti alikaa chini kwenye matope, akamfungua mtoto mgongoni akampakata.

Karani alikuwa amepoteza mwavuli na kiatu kimoja. Daftari alikuwa nalo. Alisimama muda mrefu akilitazama rundo la matofali, kisha akasogea mbele ya Sikio.

"Mzee," alisema, na safari hii alisema kwa upole. "Nikiandika ukuta umeanguka, mkubwa wangu ataona kioo kilibadilishwa, ataniuliza kwa nini. Na hiyo kabari pia ataniuliza. Lazima niandike sababu. Niandike nini?"

Sikio alikuwa anawatazama watu mmoja mmoja.

"Ulilia?" aliuliza.

Alimgeukia Mzee Winchi. "Winchi. Mti ulilia?"

Mzee Winchi alitikisa kichwa kukubali.

"Leo tu?"

Mzee Winchi alisogea mpaka karibu na sikio lake la kulia, akasema kwa sauti ambayo mtaa wote uliisikia: "Siku nane, ndugu yangu! Hata sisi tuliusikia, ukutani kwetu!"

"Siku nane. Na mimi mlijua sisikii?"

"Tulijua!"

"Tangu lini?"

Mzee Winchi alifuta uso. "Zamani! Tangu mgodi haujafungwa!"

"Mkanyamaza."

"Ulitutoa, Sikio! Nani angekuambia?"

Sikio alimtazama mjukuu wake, aliyekuwa ameamka na kuanza kulia. Aliuona mdomo ukifunguka na uso ukikunjamana. Aliutazama mdomo ule kwa muda, mpaka ukafumba.

"Niliwatoa ninyi," alisema, "halafu ningemzika huyu. Na mngekuja msibani mkaniinulia mkono."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Yule mwanamke wa vifungo alivua mtandio wake akamfunika binti.

"Andika, karani," alisema Sikio. Alisema kwa sauti kubwa, na kwa mara ya kwanza alijua kwamba ni kubwa. "Andika kioo kilivunjika chenyewe, mwenye nyumba akakificha. Andika mti ulilia siku nane, na mwenye nyumba hakusikia, kwa sababu ni kiziwi. Andika hivyohivyo. Mashahidi ni hawa."

Karani aliandika, akilikinga daftari kwa kifua. Matone yaliangukia wino, akayafyonza kwa mkono wa shati.

"Ni mimi nitakayeandika," alisema. "Kukubali au kukataa ni juu yao. Siwezi kukuahidi, mzee."

Sikio alikuwa anautazama mdomo wake. "Nimekuelewa," alisema.

"Jina?" aliuliza karani. "Jina lako kamili."

Sikio alilitaja lile la kwenye daftari, ambalo mtaa haukuwahi kulitumia. Wengine walikuwa wanalisikia kwa mara ya kwanza. Walitazamana kama mtu mgeni amehamia. Bi Cherehani alikuwa amesimama kando yake, nywele zimejaa vumbi na maji. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkanda.